Konzi Moja ya Udongo

Jumamosi ile soko la Mbeya lilikuwa limejaa mpaka barabarani, na lori la chumvi kutoka Iringa likaona hapo hapo ndipo pa kurudi nyuma. Watu wakatawanyika. Damari hakutawanyika na mtu. Alikuwa ameinama anachagua ndizi za mama yake, zile zilizoiva sana zinazopondeka kwa kijiko, na honi aliisikia, ila alidhani ni mtu tu anajionyesha. Tairi la nyuma likakanyaga kikapu chake, ndizi zikawa uji palepale.

"Wee!" Akaupiga mlango wa lori kwa kiganja. "Shuka! Nani alikupa gari wewe?"

Akashuka kijana mrefu, kaptula ya kaki imenyooshwa pasi, sweta ya kijani imetoboka kiwiko, na uso ulioanza kucheka kabla ya kuomba radhi. Akavua kofia.

"Kamwene, dada," akasema, kama wanavyoamkia watu wa Iringa.

"Kamwene yako kaa nayo. Tazama ulichofanya!"

Kijana akachuchumaa, akakitazama kikapu kwa huzuni kubwa. "Pole sana kwa msiba. Tunazika lini, nije na wazee?"

Watu wakaangua kicheko. Damari alijaribu kununa, wapi. Msichana wa miaka ishirini na miwili, mwembamba, amevaa gauni la maua ya buluu alilolishona mwenyewe, na kwao hakukuwa na cha kuchekea siku nyingi. Kicheko kikamtoka puani. "Mwendawazimu wewe."

"Hapana, Yotamu," akasema kijana, kana kwamba ameulizwa jina.

Hapo akatokeza Waridi, mwanamke wa Kiswahili mwenye hoteli ya chai pale sokoni, kanga mbili mwilini na hina vidoleni. Lori lilikuwa la kaka yake, Alawi, mwenye duka Mlandege kule Iringa. "Yotamu! Mtafutie binti wa watu ndizi nyingine, na umfikishe kwao. Na wewe mwanangu, usimcheke huyu. Ukimcheka mara moja haondoki."

Na kweli hakuondoka.

Damari alikaa Ilomba na mama yake, wawili tu. Baba alikufa zamani, wangali Rungwe, na mama alikuwa amepooza upande mmoja, mwaka wa tatu huo yuko kitandani. Kila alfajiri Damari alichemsha maji, akamwogesha, akamgeuza, akamlisha. Yotamu alipoingia na kikapu siku ile hakusimama mlangoni kama wageni wanaoogopa harufu ya mgonjwa. Alikaa chini kando ya kitanda, akamwamkia mama kwa mikono miwili, akamsimulia jinsi alivyoziua ndizi zake. Mama akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Huyu Mbena ana kelele," alisema baadaye, "lakini ana adabu."

Basi ikawa kila lori likipita Ilomba linapiga honi mara mbili, na Damari anaacha chochote alichoshika.

"Nikikuoa, bibie, nitakuweka mbele, kwenye kiti cha utingo."

"Na utingo akae wapi?"

"Juu ya chumvi. Ataiva vizuri."

"Na mama yangu?"

Hapo Yotamu aliacha utani. "Mama tutamjengea chumba chenye dirisha. Sikuoi wewe nimwache yeye."

Damari alimpenda kwa neno lile kuliko kwa mengine yote. Mjomba wa Yotamu akaletwa kuposa, akaja na jembe na blanketi, mama akakubali. Siku ile ile, Damari akimwogesha, mama akamshika mkono.

"Sasa una mkwe. Unajua adabu yake."

"Najua, mama."

Alijua tangu utoto. Kwa Wanyakyusa, mwanamke akishaposwa hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina, na wakikutana njiani ni mwanamke anayeacha njia, hata kama upande wa pili ni matope. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulilegeza jambo hilo, lakini si mama yake. Mama alikuwa Mmoraviani wa kubatizwa, haimbi mwingine kanisani akiimba yeye, na bado alisimulia kwa fahari jinsi alivyowahi kuingia mtoni na nguo zake zote, mtoto mgongoni, ili ampishe mkwe wake darajani.

Na Damari hakumwambia Yotamu. Si kwamba alimficha. Hakuwahi kufikiri kwamba duniani kuna mtu mzima asiyejua jambo hilo.

Mama alifariki Februari, mvua imeshika. Waridi akampelekea Alawi habari kwa simu, na siku ya tatu mchana, watu wamekwisha kusanyika makaburini Ilomba, jeneza limekwisha kushushwa, Damari akasogea ukingoni. Kwao mtoto wa marehemu ndiye anayetangulia kutupa udongo, kisha ndugu, kisha watu. Aliinama, akachota konzi moja ya udongo wa mvua, akaushika. Alitaka kusema neno kwanza. Akainua kichwa alitafute.

Akamwona Yotamu anapita kati ya watu, viatu vina matope mpaka kifundoni, na nyuma yake mzee mwenye koti refu jeusi na fimbo. Masikio ya yule mzee yalikuwa masikio ya Yotamu matupu.

"Mkwe wako!" shangazi mmoja akamnong'oneza kwa hofu. "Damari, mkwe wako huyo!"

Afanye nini? Kusimama pale, amtazame mkwe juu ya jeneza la mama yule aliyeingia mtoni? Wanawake wote wa kwao walikuwa wanamtazama. Udongo ukamponyoka. Akajifunika kanga usoni, akakimbia, akaingia kwenye mahindi marefu nyuma ya makaburi, akapiga magoti matopeni. Kutoka huko alisikia matarumbeta ya kanisa yakilia, kisha akasikia udongo wa watu wengine unaanguka juu ya mbao. Aliuhesabu kwa masikio mpaka sauti ya mbao ikaisha, ikabaki sauti ya udongo juu ya udongo. Akalia mpaka akakosa pumzi.

Makaburini, Mzee Sedekia, baba yake Yotamu, alikuwa ameegemea fimbo yake. "Huyo aliyekimbia," aliuliza polepole, "ndiye?"

Yotamu akaitikia kwa kichwa. Walikula chakula cha msiba, wakashukuru, wakapanda lori.

Jamani, hakuna kitu kinachochosha kama kufarijiwa. Watu walikuja kila siku, na kila mtu na neno lake. Mungu alimpenda zaidi. Amepumzika. Usilie sana, utamkufuru Mungu. Damari alikaa mkekani akawaitikia, asante mama, asante baba, huku moyoni anatamani kuwafukuza kwa ufagio. Kama Mungu alimpenda zaidi, mbona alimwacha alale miaka mitatu? Na kama mama amepumzika, mbona yeye ndiye asiye na kazi?

Maana hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, na hakumwambia mtu. Aliamka alfajiri kama kawaida, akawasha moto, akachemsha maji ya kumwogesha mama. Maji yakachemka. Akasimama na sufuria mkononi, hana wa kumwogesha, akatoka akayamwaga nyuma ya nyumba. Kesho yake akafanya vilevile. Alijua ni upuuzi. Mikono ilikuwa inaamka yenyewe.

Na lori lilipita. Aliujua muungurumo wake tangu mlimani. Lilipita Ilomba bila honi, likaenda zake mjini, likarudi bila honi. Mara ya kwanza Damari alikimbia mpaka mlangoni. Mara ya pili alibaki ameketi, akasema kwa sauti, "Nenda! Nenda na baba yako!" Akashika kichwa. Mtu amlete mkwe kaburini, amnyime kumzika mama yake, halafu yeye ndiye anayenuna?

Kanisani aliacha kwenda. Kaburini hakwenda kabisa. Ataendaje kwenye kaburi ambalo hakuliwekea hata punje?

Mzee Asukile, mzee wa kanisa, alikuwa mtu wa kikohozi na maneno machache. Yeye hakuleta faraja. Alisimama uani asubuhi moja, akamtazama Damari anavyomwaga maji.

"Maji hayo ya moto," akasema. "Bibi Tusekile hajaoga tangu Jumapili."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nimesema tu."

Akaenda zake. Kesho yake akaja tena. "Maji hayo." Damari akamfungia mlango. Keshokutwa akaja, akakohoa, hakusema kitu, akayatazama maji yanavyofuka moshi majanini.

"Haya!" Damari akapiga kelele. "Haya, baba, niende nikamwogeshe, ili uniache!"

Bibi Tusekile alikuwa kikongwe kipofu, mkorofi asiye na mfano. Wanawe wote walikwenda kusini migodini wakapotelea huko. Majirani walimlisha, lakini hakuna aliyejua kumgeuza bila kumuumiza, na matusi yake yaliwachosha.

"Polepole! Unaosha mtu au unaosha sufuria?"

"Samahani, bibi."

"Na maji haya! Unataka kunichuna?"

Damari aliuma meno. Lakini mikono ilikuwa imekwisha kuanza kazi: mkono mmoja begani, mmoja nyongani, vuta, laza. Akaona vidonda vya mgongoni, akavisafisha, akavipaka mafuta. Kikongwe akanyamaza. Baada ya kitambo akasema, kwa sauti nyingine kabisa:

"Nilimwomba Mungu aniletee mtu mwenye mikono hii. Niliomba tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Nilisahau tu kumwambia asimuue mtu kwanza."

Kitambaa kikamwanguka Damari. Halafu, nyie, kila kitu kikamtoka. Alimkasirikia Mungu kwa sauti, hapo hapo, mbele ya bibi aliye uchi nusu. Akamwambia alimchukua mama yake, akamchukua na Yotamu, akamnyima hata konzi moja ya udongo, na sasa anamtumia kama mtumishi wa nyumbani! Alisema mpaka sauti ikakwaruza.

Bibi Tusekile alisubiri. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Amesikia. Mimi humtukana kila Jumatatu, na bado ananiletea uji. Sasa nigeuze, baridi imeniingia."

Damari akacheka. Alicheka huku analia, akamgeuza. Na aliporudi kwake alipiga magoti kwa mara ya kwanza tangu msiba, na sala yake ilikuwa fupi. "Sijakusamehe," alisema. "Lakini kesho nitachemsha maji."

Akachemsha. Akachemsha na kesho yake. Mzee Asukile hakosi mtu: akaja na habari za mama mmoja aliyevunjika nyonga bondeni, akaja na za mzee wa Kisafwa asiye na mtu. Wiki zikapita, na siku moja, amebeba sufuria kichwani alfajiri, Damari akagundua kwamba anaimba wimbo wa mama yake. Akasimama njiani. Kwa nini mama alikufa, hakuwa amejibiwa. Lakini kwa nini yeye amebaki, hilo alilijua, na alijua ni nani aliyemwita. Jumapili ile akarudi kanisani, akakaa mahali pa mama yake.

Ila moyo wa kupenda hauna kanisa. Lori likipita bila honi, bado ulimpasuka.

Waridi ndiye aliyemvuta mpaka posta. "Simama hapo. Nimekwisha mwambia Alawi amweke karibu na simu. Ongea, usilie, dakika zinakwenda."

Chombo kikakwaruza, kisha sauti ya Yotamu ikaja kutoka Iringa, ndogo, kavu.

"Haloo. Nani?"

"Ni mimi."

"Habari za huko?"

"Habari gani, Yotamu? Unapita kwangu kama unapita pori!"

"Nipige honi niite nani? Aliyenikimbia?"

"Mimi nimekukimbia?"

"Mzee mzima ametoka kijijini, kasafiri siku mbili, kalala Makambako kwenye mvua, miguu imemvimba, aje amzike mama yako! Ukamtazama, ukakimbia kama umeona fisi. Mbele ya watu wote! Hajawahi kudhalilishwa vile."

"Na wewe ulininyima kumzika mama yangu!"

"Mimi? Damari, mimi nilikunyima? Una akili timamu? Mimi niliku…"

Simu ikakatika, muda umekwisha. Damari akabaki na chombo sikioni, posta nzima inamtazama.

"Da Waridi, umesikia?" alisema nje. "Anajifanya hajui!"

"Hajui nini?"

"Kwamba mkwe hatazamwi!"

Waridi akajifunga kanga upya. "Mwanangu, mimi nimekaa Mbeya tangu sijaolewa, na ndiyo kwanza nalisikia leo. Ulimwambia?"

"Kila mtu anajua!"

"Ulimwambia, Damari?"

Damari akashika njia ya Ilomba bila kuaga.

Hakulala raha. Kulipokucha akamwomba mke wa Mzee Asukile awaangalie wagonjwa wake, akavaa gauni la maua ya buluu na sweta ya mama, akapanda basi la Iringa. Chimala matope, Makambako baridi ya kukata masikio, njia nzima anapanga maneno. Nitamwambia hivi. Nitaanza na samahani. Hapana, aanze yeye. Wakalala njiani, na kesho yake Iringa ikaonekana juu ya kilima chake, mabati yanang'aa baada ya mvua. Akauliza njia mpaka Mlandege, akaliona duka la Alawi, lori liko nje. Akaingia haraka kabla hajaghairi.

Na kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi, koti refu jeusi.

Damari hakufikiri. Alijitupa nyuma ya magunia ya chumvi, kanga usoni, uso ukutani.

"Binti," Alawi akasema kwa mshangao, "unatafuta nini huko? Mizani iko huku."

Yotamu akatokea stoo, mikono ina mafuta ya gari. Aliitambua sweta. "Tena?" akauliza. "Umetoka Mbeya mpaka Iringa uje umkimbie baba yangu *tena*?"

"Usisogee! Nisikilize hapo hapo ulipo!" Damari aliuambia ukuta, kwa sauti ya kulia na ya ugomvi pamoja. "Kwetu mwanamke hamtazami baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani, anaacha njia. Ndiyo heshima yetu, na mama yangu alinilea nayo. Simchukii! Ningemchukia ningesimama nikamkodolea macho! Siku ile nilikuwa na udongo mkononi, Yotamu. Udongo wa mama yangu. Ukaja naye. Nikauangusha nikakimbia, nikakaa kwenye mahindi nasikiliza watu wanamzika. Watu wote wamemzika mama yangu ila mimi!"

Benchi likalia, fimbo ikagonga sakafu, hatua nzito zikatoka nje, zikapotea.

"Kwa nini hukuniambia?" Yotamu aliuliza, sauti imeshuka.

"Nilidhani unajua."

"Nijue wapi? Kwetu mtu akikuletea baba yake msibani amekupa kila alichonacho. Sikuwa na kitu kikubwa kuliko hicho, Damari. Nilidhani umenikataa."

"Na mimi nilidhani umenidharau."

Akaja nyuma ya magunia, akaketi chini kando yake, kama alivyoketi kando ya kitanda cha mama. Alawi akajitia kupanga sabuni.

"Kipenzi changu," Yotamu alisema. "Mimi ni mjinga."

"Wewe mjinga, mimi mjinga zaidi. Mzee amekasirika?"

Yotamu akapangusa mikono muda mrefu. "Baba akikasirika hasemi. Na hukusikia? Hakusema."

Honi zikarudi Ilomba, mara mbili mbili, lakini zilikuwa honi za kukatisha tamaa. Damari anatoka mbio: "Amesemaje?" Na Yotamu, kichwa dirishani: "Hajasema." Wiki inayofuata: "Amesemaje?" "Hajasema. Hata kijijini hayupo, wanasema anazungukazunguka Mufindi." Bila baba yake Yotamu hapakuwa na ndoa, na wote wawili walijua. Walikuwa wakigombana kwa mambo madogo, chai baridi, neno lililochelewa, kisha wanaombana radhi. Damari alikuwa amechoka. Asubuhi alichemsha maji, akamwambia Mungu alichokuwa nacho moyoni, bila kupamba, akaenda kwa wagonjwa wake.

Pasaka ikafika. Wamoraviani alfajiri hiyo hawangoji kengele. Huenda makaburini kungali giza, na matarumbeta mbele, wakalipokee jua la Bwana aliyefufuka wakiwa pamoja na wafu wao. Damari alitaka kubaki nyumbani. Bibi Tusekile akakataa kata kata. "Mimi kipofu naenda, wewe mwenye macho unabaki?" Vijana wakambeba kwenye kiti, analalamika njia nzima kwamba wanamtikisa.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya makaburi. Watu wakaenda kila mmoja kwa wake. Damari akasimama mbali na kaburi la mama yake, kama mgeni. Ndipo alipomwona mtu chini kabisa, kwenye ua wa miti, amewapa watu wote mgongo. Koti refu jeusi. Masikio yale.

Miguu ikajiandaa kukimbia. Mkono ukamshika kiwiko.

"Usikimbie," Yotamu alisema. "Leo yeye ndiye amekupisha."

"Nini?"

"Tumefika jana. Amenifanya nimwonyeshe kaburi, akatafuta mahali ambapo hata akijisahau hawezi kukuona. Alikuwa kwenye mashamba ya chai, kwa vibarua wa Kinyakyusa, anawauliza adabu yenu inafanywaje. Aliona haya kuniuliza mimi. Ameniambia, kama msichana hawezi kunitazama, nitageuka mimi. Shingo yangu ni ya kizee lakini inageuka."

Damari akautazama ule mgongo mpana, uliokuwa umelowa umande, hautikisiki. Kisha akaenda kaburini kwa mama yake, akapiga magoti. Udongo ulikuwa wa mvua, kama siku ile. Akachota konzi moja.

"Mama," alisema. "Ni mimi. Nimechelewa." Alikuwa na maneno mengi tangu Februari, yote yakakataa kuja. "Nawaogesha watu, mama. Ulinifundisha wewe. Mungu alikuwa ananifundisha na mimi sijui." Akautupa udongo, akauona unavyotua, akaweka paji la uso chini, akalia kilio ambacho hakikuwa na hasira ndani yake.

Matarumbeta yakapiga. Jua likatoka, watu wakaanza kuamkiana, amefufuka, kweli amefufuka, na Bibi Tusekile akisikika kuliko wote.

Yotamu akamsaidia kusimama. "Twende Iringa, bibie. Nikuoe kabla sijakanyaga kitu kingine."

"Nioe. Lakini Iringa siendi. Bibi Tusekile nani atamgeuza?"

"Sikusema unaacha kitu." Akamfuta tope la paji kwa kidole. "Chumvi ya Alawi ikishafika, lori hulala popote. Litalala Ilomba."

Damari akaangalia chini kwenye ua. Watu walikuwa wanaondoka, na Mzee Sedekia bado amesimama vilevile, uso kwenye miti, ameishika fimbo kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwambia kwamba imekwisha.

"Nenda kamwambie," Damari alisema.

"Nimwambieje?"

"Mwambie mwanawe amemaliza kumzika mama yake."

Yotamu akashuka, akamwambia. Bega la mzee likapanda, likashuka. Kisha akajibu bila kugeuka, kwa sauti kubwa ya kutosha kufika juu:

"Mwambie mwanangu nimesikia. Na umuulize kama maji ya chai yamechemka, maana baridi hii ya kwao itaniua."